Bigonia Zangu Zilikufa kwa Maji

Wifi yangu mkubwa alikitoa chungu cha kwanza dirishani kwa mikono miwili, akatoka nacho uani, akakiweka chini, akakipiga kwa mchi wa kutwangia. Kisha akarudi ndani kuchukua cha pili. Hakukimbia wala hakupiga kelele. Alifanya kama mtu anayefagia nyumba yake.

Mie nilikuwa kizingitini, nguo ya eda mwilini, mume wangu hajatimiza mwezi kaburini. Mwenye eda hatolewi nje watu wakamtazama. Hilo hata mtoto wa chuo cha Qurani analijua. Siku ile nilitolewa. Mama mkwe alinishika mkono akanivuta mpaka katikati ya uwanja. Ua wenyewe ulikuwa wa makuti yaliyokwisha legea, na njia ya kisimani inapita pale pale. Wanaume waliokuwa wakitoka msikitini wakasimama. Mmoja aligeuza uso. Wengine hawakugeuza.

"Mtazameni," akasema mama mkwe. "Huyu ndiye aliyekuwa akilala na mwanangu. Na hivi ndivyo alivyokuwa akivilea."

Nikamwambia, "Mama, nina eda."

"Eda ya nani? Umuue kisha umkalie eda?"

Nyuma yake mchi ukashuka tena. Udongo ukaruka ukanipata miguuni, na ule udongo ulikuwa umelowa chapachapa, unanuka kama kinamasi. Nataka msomaji aushike huo udongo tangu sasa. Ulikuwa umelowa, na si mie niliyeulowesha.

Nilisoma chuoni juzuu chache, na kuandika Kiswahili nimekupata ukubwani, kwenye darasa la kisomo. Anayetaka maneno yaliyopigwa pasi atafute kwengine. Majina siyaandiki, na si kwa hofu. Watu wa kijiji kile, Kiuyu, wakisoma watajuana. Walionifanyia haya ni watatu: wifi yangu mkubwa, mama yake, na maalim aliyekuwa na chuo karibu na nyumba yao. Wengine walitazama tu, na kutazama nako kuna hesabu yake, lakini leo nazungumza na hao watatu.

Mie ni mtu wa Madungu. Miaka ile ya mwisho ya Mngereza, kabla sijaolewa, nilikuwa nafanya kazi za ndani kwa mke wa karani mmoja wa Kigoa pale pale kwetu Chake Chake. Nikifua, nikipiga pasi, nikimtazamia maua yake. Yalikaa barazani upande usiopigwa na jua, kwenye vyungu. Mengine nilikuwa nayajua. Haya ya majani meusi sikuwa nimeyaona popote, na mama yule akiyaita bigonia.

Kwa asiyeyajua: jani lake si kijani kilichokoza, ni jeusi, jeusi la masizi ya chungu, na katikati limepitiwa na rangi ya fedha kama konokono katambaa. Ukiligeuza, chini ni jekundu kama ufizi. Kikonyo kina manyoya. Maua yake hayana maana, madogo, meupe, yanadondoka ukiyapumulia. Jani ndilo lenyewe.

Mama yule alikuwa mkali juu ya maji kuliko juu ya kitu chochote. Nikichukua kata tu, ananiita.

"Weye! Hii hapana mchicha. Kwanza dole."

Maana yake nitie kidole udongoni. Kidole kikitoka na udongo umenata, rudisha kata ndani. Kikitoka kikavu, mpe kidogo, pembeni, jani lisiguswe. Bigonia hupenda hewa yenye unyevu, lakini mguu wake hautaki kukaa majini. Kwa hiyo chungu hukikalisha juu ya kokoto ndani ya sahani pana, maji yawe chini ya kokoto, yapande mvuke tu. Wangapi wameniuliza, "Sasa apenda maji au hapendi?" Nawajibu, wewe wapenda kuoga, wapenda kulala kisimani?

Karani alipohamishwa, mkewe hakunipa chungu. Alinikatia majani mawili. Akanionyesha namna ya kulilaza jani juu ya mchanga mnyevu, ukalichanja mishipa kwa wembe, ukaliwekea vijiwe lishikane na mchanga, ukalifunika kwa gilasi. Ukingoja kwa subira, pale ulipochanja huota vijimti vidogo kama ukucha. Kwa majani yale mawili nilipata miche ya kutosha, na nilipoolewa Kiuyu nilikwenda nayo ndani ya kikapu, imefungwa kwa majani ya mgomba. Watu wa harusi walidhani nimebeba chakula.

Mume wangu alikuwa mkulima wa muhogo, na mikarafuu michache aliyorithi. Mtu wa maneno machache, na machache yenyewe ya mzaha. Alipoona sina pa kuviweka vyungu vyangu, alilipanua dirisha la chumba cha nyuma, lile la kaskazini, akalitia ubao mpana. Wenzake walimcheka. "Yakhe, wamjengea nke wako duka?" Akajibu, "Namjengea wake wenziwe." Tangu hapo ndilo likawa jina lao. Akirudi shamba ananiuliza, "Wake wenzio washakunywa?" Namwambia, "Hawa hawanywi kila saa. Si kama wewe na chai." Akaniletea udongo wa chini ya mikarafuu, ule mweusi wa majani yaliyooza, nikauchanganya na makumbi ya nazi yaliyopondwa na mchanga kidogo. Zikastawi bigonia zile kuliko za mama wa Kigoa.

Sasa mtu aelewe desturi ilivyo kwetu. Mrehani hupandwa nje, mlangoni. Mwasmini nje. Mkadi nje. Mti wa kulala ndani ya nyumba pamoja na watu haukuwa ukijulikana kule. Mama mkwe alipoviona vyungu vile mara ya kwanza aliinama akavitazama muda mrefu.

"Na mbegu zake ziko wapi?"

"Hauna haja ya mbegu, Mama. Hukatwa jani, jani likazaa."

"Jani likazaa. Nti gani huo, wazaa kwa jani?"

"Na muhogo wazaa kwa kijiti, Mama."

"Muhogo twala," akasema.

Mume wangu alicheka mpaka akatoka nje. Mama yake hakucheka. Na wifi, ambaye ameolewa nyumba ya pili na kwa mama yake haondoki, alikuwa na neno lake kila akipita dirishani: "Wenzio walea watoto, wewe walea majani." Sikuwa nimepata mtoto. Nilikuwa namjibu, "Majani hayasemi watu, wifi." Na mie nilikuwa na ulimi, silikatai hilo. Lakini ulimi hauui mtu.

Ikaja masika, na mume wangu akashikwa na homa. Ikaondoka, ikarudi, ikaondoka, ikarudi na macho ya manjano. Tulimpeleka hospitali, daktari akasema ini, akapewa dawa akarudishwa. Tumbo likaanza kujaa. Dawa za hospitali zikaendelea, na za nyumbani zikaendelea. Hapo ndipo kombe likaingia.

Kombe sina ugomvi nalo. Nimelinywa nilipokuwa mtoto na nimelinywa utu uzima. Maalim huandika aya za Qurani kwenye sahani nyeupe kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji na marashi, mgonjwa akanywa na mengine akapakwa mwili. Maalim yule alikuwa akiandika asubuhi na alasiri, wifi akienda kuchukua. Aliandika kwa moyo, nadhani. Simsemi kwa kuandika kwake.

Lakini kombe lina adabu. Yakibaki maji yake hayamwagwi ovyo, kwa sababu ni maneno ya Mungu. Humwagwa pahala pasipokanyagwa. Pale kwao kawaida ilikuwa shina la mnazi nyuma ya nyumba. Masika ile nyuma ya nyumba pamekuwa tope tupu, wageni wa mgonjwa wanaingia na kutoka, mbuzi wa jirani wamepafanya kwao. Wifi akaona hapafai. Akatafuta ndani ya nyumba pahala safi, hapapiti mguu wa mtu, hapana kuku. Akaviona vyungu vyangu.

Siku ya kwanza nilimkuta bakuli limeinama mkononi, maji yanashuka kwenye chungu kikubwa kuliko vyote. Na si mabaki ya kunywa tu, hata yale ya kumsingia mgonjwa mwilini.

Nikamwambia kwa upole, kwa sababu mgonjwa yuko chumba hicho hicho, "Wifi, hawa hawataki maji mengi."

"Haya si maji ya kisimani."

"Najua. Lakini ni maji."

Akalishusha bakuli, akanitazama. "Hebu rudia."

Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani kwa mwanawe. Akasema, "Ati kasema nini?"

"Kasema hayataki maji ya kombe."

Sikusema hivyo. Nilisema maji mengi. Lakini nambie wewe unayesoma, hapo ungelijibu nini? Useme yapunguzwe, umekataa maneno ya Mungu yasimwagwe nyumbani mwako. Ulitwae bakuli ukamwage kwengine, umeyakimbiza. Nyumba nzima ina mgonjwa, kila mtu anatafuta kosa liko wapi, na weye ndiye mtu wa kuja. Nikarudi kumtazama mgonjwa. Mume wangu alikuwa macho. Akasema kwa sauti ndogo, "Dada, mimina mnazini." Wifi akamwambia, "Pumzika, babaangu, pumzika." Akaendelea kumimina.

Asubuhi na alasiri. Kila chungu kilipata fungu lake, maana wifi alikuwa mwadilifu wa kugawa. Kilichozidi zaidi alikwenda kuumwagia mrehani, ule uliokuwa ndani ya debe bovu pembeni mwa mlango.

Nilijaribu nilivyoweza. Wifi akiondoka, naviinamisha vyungu maji yatoke. Naondoa majani yaliyolowa yasishike ukungu. Nilitoboa matundu zaidi chini ya vyungu kwa msumari. Lakini nilikuwa namuuguza mtu, namgeuza, namwosha, namlisha uji kwa kijiko, na udongo ule wa makumbi unashika maji kama sifongo. Kwanza majani yaliinama. Mtu asiyejua akiona jani limeinama hudhani lina kiu, na wifi akanambia, "Mwaona? Yalikuwa na kiu." Akazidisha. Kisha vikonyo vikalainika kama ndizi iliyopitiliza, jani linaanguka ukiligusa. Kisha shina lenyewe. Bigonia ikishaoza shina huirudishi.

Mume wangu alikufa Ijumaa kabla ya adhana ya adhuhuri. Ini ndilo lililomwua. Nimelisema hili mara moja tu katika maandishi haya, kwa sababu halikuhitaji kusemwa mara mbili kwa mtu mwenye akili.

Nikaingia edani. Wanawake wa kutoa pole walikaa chumba kile kile, mkekani, na dirisha mbele yao. Siku zile nilitaka vyungu vile viondolewe, si kwa haya, kwa harufu. Nilipoinuka kukishika kimoja wifi akasema kila mtu asikie, "Mwenye eda ana kazi na maua." Nikakaa.

Kilichofuata kilifanywa mbele ya watu, kwenye khitma ya kumwombea marehemu. Watu wameshakula, wanawake wanakusanya sahani. Wifi akauleta mrehani ndani na debe lake, akauweka chini ya dirisha, karibu na vyungu vyangu. Mrehani ulikuwa umejaa, majani yanang'aa, harufu yake imetawala chumba. Mrehani hupenda maji. Ukiumwagia asubuhi na alasiri unakushukuru.

Akasema, "Haya, wenzangu. Huu na hii nimevimwagia kombe moja, bakuli moja, mkono mmoja. Huu umestawi. Hii imeoza yote. Mie sisemi kitu. Mwenye macho atazame."

Kwa kusema hasemi kitu alisema yote. Nikaona vile vichwa vya wanawake vikigeuka, kutoka mrehani kwenda kwenye bigonia, kutoka bigonia kuja kwangu. Jeusi, chini jekundu, linazaa kwa jani, halina mbegu, limelala chumba kimoja na maiti. Nikasema, "Wifi, huu wapenda maji, ule haupendi. Ndiyo tofauti." Bibi mmoja pembeni akacheka kidogo, kwa pua. Ndicho kilichoniumiza zaidi, kicheko kile. Walinisikia, wakaona nimetafuta la kusema.

Mama mkwe akatuma mtu kwa maalim, aliyekuwa barazani na wanaume. Akaja mpaka mlangoni. Akaelezwa. Hakuingia, hakutazama, hakuuliza udongo ulikuwaje, hakuniuliza mie. Alisema, nami nilimsikia kwa masikio yangu nikiwa nyuma ya pazia, "Kitu kisichostahamili maneno ya Mungu hakiwezi kuwa kitu chema." Akarudi kwa wenzake.

Maneno mazuri hayo. Lakini kipimo chake kilikuwa kipi? Ukimimina kombe kwenye mzinga wa nyuki, wakafa, nyuki nao walikuwa mashetani? Ukimwagia moto wa kupikia ukazimika, moto ulikuwa wa nani? Kila kitu cha Mungu kina kadiri yake ya maji. Alikuwa mtu wa kitabu, na hilo la kadiri limo kitabuni.

Kesho yake wakavunja. Nimeshaeleza. Lililobaki kueleza ni hili: mchi ulipokwisha kazi, nilikwenda kwenye ile takataka nikainama. Kulikuwa na jani moja lililokuwa upande wa juu kabisa wa chungu cha mwisho, halijaoza. Nililiokota mbele yao wote, nikalipangusa tope, nikalitia kwenye pindo la kanga.

Wifi akasema, "Mwamuona? Hata sasa."

Nikamwambia, "Waambie watazame vizuri. Sifichi."

Mama mkwe akanionyesha njia, nikatoka hivyo, katikati ya eda, njia ya mchana, na bibi mmoja jirani ndiye aliyenisindikiza mpaka kwenye gari. Alinifunika kwa baibui lake. Eda yangu iliyobaki niliimaliza Madungu kwa mamangu, lakini eda si mkeka, ikikatika huishoni. Sikutoka kwa hiari yangu. Mwanamke aliyefiwa hutakiwa akae nyumba aliyofia mumewe, na walionitoa walilijua hilo kuliko mie.

Habari ilifika Chake kabla yangu. Walikuja watu wawili watatu miaka iliyofuata kuniposa. Wakaenda kuuliza Kiuyu, hawakurudi. Wakaja watu wengine pia, hao wa kutaka niwasaidie kumdhuru mtu, wakanong'ona mlangoni. Hao niliwafukuza kwa ufagio. Basi ndivyo nilivyoishi. Jani lile nililichanja, likaota, na leo dirisha langu limejaa. Nimeyaweka yanaonekana njiani. Anayepita akitaka kusema aseme akiwa anayaona. Wasichana wa skuli huja kuniomba majani, nawapa, nawaambia kwanza dole.

Mama mkwe amekufa, hesabu yake iko kwa Mola wake. Wifi yuko hai. Tulikutana harusini si zamani, tukakaa mkeka mmoja, maana watu walitupanga bila kujua. Amekuwa mtu mzima, amenenepa, anavuta pumzi kwa taabu. Akanishika mkono.

"Wifi, sisi ni watu wa kufa. Tusameheane."

"Nikusamehe nini?"

"Yote."

"Yote ni yepi, wifi? Yataje."

"Aa, yale yamepita. Ya nini kuyafukua?"

"Hukuyafukia wewe. Ulinifukia mie."

Akauondoa mkono. Akasema kwa jirani yake, "Bado ana ulimi." Ndiyo, ninao, na sasa ninao na wa kuandikia.

Wanasema nisamehe, mwenye kusamehe ana thawabu. Nitasamehe kitu kikitajwa. Msamaha wa "yote" ni kama kulipwa kwa kiganja kilichofumbwa. Wifi, uliyatoa maneno yako mbele ya wanawake kwenye khitma, mrehani uko mbele yako. Wengi wao wa hai, wako hapo hapo Kiuyu. Waite. Sema ni mkono wa nani uliomimina asubuhi na alasiri, na ndugu yako alipokwambia mnazini, kwa nini hukusikia. Na wewe, maalim, uliyesimama mlangoni usiingie: nimesikia bado unasomesha. Wanafunzi wako wakikuuliza ni nani anayebeba dhambi ya eda iliyovunjwa, unawajibu nini? Nataka jibu hilo kwa mdomo wako, mchana, watu wakiwapo.